Chai ya Bipu

Akoth wangu,

Keti kwanza, kabla hujaanza safari. Kama umeifungua karatasi hii ukiwa umesimama, au ukiwa na funguo za tukutuku mkononi, ikunje tena uirudishe kwenye begi. Nimeandika kwenye karatasi makusudi. Karatasi hailii, haitetemeki mfukoni, haikuulizi umefika wapi. Inakungoja mpaka uwe na nafasi. Mimi mama yako sijui kungoja, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Umelala hapo nyuma ya pazia. Nasikia unavyogeukageuka, nadhani na wewe usingizi umekataa. Sitakuamsha. Nikikuambia kwa mdomo nitalia, na nikilia utaniambia "basi mama, basi," halafu kila mmoja atarudi kulala, na asubuhi utawasha hiyo pikipiki ya mikate ya shangazi yako na kuondoka bila kujua.

Ya nguo, ya chakula, ya kanisa, sitayasema. Shangazi yako huko Tororo amelea watoto wengi kuliko mimi na hakuna aliyepotea. Nikikosea maneno utanisamehe. Unajua niliishia darasa la sita, na wewe ulinikuta bado mtoto. Tumekua pamoja, mimi na wewe, ila mimi nilipewa cheo cha mama kabla sijamaliza kukua. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha iliyokuzaa. Baba yako alikuwa Mjapadhola wa Iyolwa, mimi Msamia, na siku tulipokutana hakuna aliyejua lugha ya mwenzake hata ya kuombea maji. Tulipendana kwa Kiswahili cha sokoni, kile cha "nakupa bei nzuri."

Najua unamkumbuka kidogo sana. Unakumbuka baiskeli. Ile nyeusi, yenye kiti cha nyuma alichokishonea mto wa kitambaa chekundu ili abiria wasiumie. Alikuwa anavusha watu na mizigo kati ya geti la Uganda na geti la Kenya kutwa nzima, anakwenda, anarudi. Kabla hatujapata simu, jioni akifika kwenye kona ya kinu cha kusaga alikuwa anapiga kengele ya baiskeli, anaipiga weee kama mtoto, na wewe unatoka mbio uchi kumpokea. Kabla ya kengele ile mimi sikuwa na wasiwasi. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi siku hizo. Mtu akitoka, ametoka. Chakula chake unakifunika kwa sahani, unaendelea na kazi zako, na akirudi amerudi.

Halafu zikaja simu za katochi, zile ndogo zenye taa kichwani. Baba yako alileta mbili kwa pamoja, yake na yangu. Lakini huku kwetu mpakani unajua mambo yalivyo. Unasimama hapa, mtandao ni wa Uganda. Unasogea kidogo, umeshachukuliwa na wa Kenya, na salio linaliwa kabla hujasema jambo. Kwa hiyo tukawa tunabipiana. Unapiga, inalia mara moja, unakata. Mwenzako hapokei, anajua ni wewe. Naye anapiga, inalia, anakata. Basi, mmesalimiana. Kupokea bipu ya mtu ilikuwa kama kumwibia. Watu waligombana kwa hilo.

Sisi wanawake wauza nyanya pale sokoni tukalifanya mchezo. Mama Egesa, huyu huyu anayekuletea samaki wa omena, ndiye aliyeuanzisha. Saa ya chai, soko likipoa, anapiga makofi: "Haya, wenye mabwana, toeni simu!" Wote tunabipu waume zetu kwa pamoja. Ambaye bwana yake atarudisha bipu kwanza, ananunuliwa chai. Ambaye bwana yake ni wa mwisho ndiye anayenunua, na anasemwa mpaka jioni.

"Wako yuko wapi, Mama Egesa? Amekufa?"

"Hajafa. Huyo hata Yesu akirudi leo, yeye atabipu kesho kutwa."

"Labda simu ameshika mwingine."

"Aishike tu! Amfulie na suruali."

Tulikuwa tunacheka, Akoth. Na mimi, mdogo kuliko wote pale, ndiye niliyekuwa nashinda karibu kila siku. Wenzangu waume zao walikuwa mafundi, mmoja mpishi, mmoja alikuwa analala tu mchana. Wangu ndiye aliyekuwa barabarani juu ya magurudumu mawili, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu. Sikuwahi kujiuliza anajibuje. Siku moja nikaona simu ameifunga kwenye usukani wa baiskeli kwa kipande cha mpira. Nikamuuliza, "Hii ya nini, Owori?" Akasema, "Nisikucheleweshee chai." Nilifurahi mpaka nikaona haya. Nikaenda kuwasimulia wenzangu.

Na siku alizochelewa? Jioni namgeuzia mgongo. "Ulikuwa na nani?" Anasema, "Nilikuwa nimembeba mama mjamzito, Nabwire. Ningejibu na nini?" Nami nasema, "Ungekuwa unanipenda ungepata mkono wa tatu." Nilikuwa bado msichana. Maneno kama hayo mtu anayasema akidhani ndiyo mapenzi.

Siku ile matrela yalikuwa yamepanga foleni kuanzia getini mpaka nje ya mji, yanangoja karatasi za forodha. Baba yako alikuwa na gunia la vitunguu nyuma, anapita ubavuni mwa matrela. Mama Egesa akapiga makofi. Tukabipu.

Ya baba yako ikarudi ya kwanza. Nikarusha mikono juu, "Nimeshinda!" Lakini simu haikukatwa. Ikalia, ikaendelea kulia. Mama Egesa akasema, "Leo Owori ameshikwa na mapenzi, hakati!" Mmoja akasema, "Pokea umsikie!" na wengine wote wakapiga kelele, "Usipokee! Utammalizia salio!" Nikaiinua juu hivi, kila mtu aione, inalia, inawaka, na mimi nacheka. Ikalia mpaka ikachoka yenyewe.

Wakaninunulia chai. Niliinywa, mwanangu. Ilikuwa na maziwa mengi, nikala na andazi. Nilikuwa bado sijaimaliza kijana mmoja wa baiskeli alipokuja anakimbia kwa miguu, baiskeli hana. Nikajua kabla hajafungua mdomo. Wale hawaachi baiskeli zao barabarani hivi hivi.

Trela moja lilikuwa limechomoka kwenye foleni. Dereva alipiga honi na wenzake baba yako wote waliisikia. Yeye alikuwa ameinamia usukani wa baiskeli. Walioona walisema aliinama kama mtu anayesoma.

Habari hii umeshaisikia sokoni, nusu nusu, najua. Nusu iliyobaki hakuna wa kukuambia ila mimi. Kidole chake kilifika pa kupiga, pa kukata hakikufika. Au sivyo. Au alikuwa amelala pale chini kando ya tairi, simu iko karibu na sikio, anasikia inavyoita kwangu, anangoja nipokee. Sijui. Nimelala na swali hilo, nimeamka nalo, nimeuza nyanya nalo. Labda alikuwa ananiita, na mimi nimeishika simu juu kama watu wa mpira wanavyoshika kombe.

Vitunguu vilimwagika barabarani. Watu wa mpakani unawajua, kitu kikianguka kinaokotwa kabla hakijatulia. Vile hakuna aliyeondoka na hata kimoja. Walivirudisha kwenye gunia wakavileta nyumbani, na mwenye mzigo akasema vikae hapo hapo. Ndivyo tulivyowapikia watu waliokuja kulia. Wewe ulikaa mapajani mwa shangazi yako unavimenya, machozi yanakutoka, na watu wakasema mtoto ameshaelewa.

Ungedhani baada ya hapo ningeichukia simu. Wenzangu waliacha mchezo siku ile ile, hakuna aliyesema tuache, uliisha tu. Mimi nilitoka na funzo la uongo. Niliona kosa langu lilikuwa kutopokea. Basi nikaapa kwamba simu haitalia tena mbele yangu bila kupokewa, na mtu wangu hatanyamaza tena. Na mtu wangu aliyebaki ni wewe.

Ulipopata simu kubwa ya kugusa nilifurahi kuliko wewe. Ukitoka tu: umefika wapi? Ukiwa shuleni: uko sawa? Ukiwa kwenye pikipiki ya mjomba unajifunza: mbona kimya? Unakumbuka siku uliyotoka Tororo na leseni yako. Nilikuwa nimekutumia ujumbe njia nzima na hujajibu hata mmoja. Ulifika unacheka, umeishika leseni juu ili niione. Mimi nilikupiga kofi kabla hujavua kofia ngumu. Ukasema, "Mama, nilikuwa naendesha!" Nami nikasema, "Na vidole? Navyo vilikuwa vinaendesha?"

Mwanamke mwenye kaburi la mume Iyolwa ndiye aliyesema hivyo, tena kwa mtoto wa marehemu mwenyewe.

Baada ya kofi lile hujachelewa kunijibu tena. Hata mara moja. Wewe mtoto wangu ni mwepesi wa kujifunza, walimu wako wote walisema.

Juma lililopita nilikuwa nimesimama pale kwenye kona ya kinu, nimetoka sokoni, matrela yamejaa kama kawaida. Nikakutumia: "Umefika wapi?" Simu ikaonyesha kwamba umeona. Halafu ikaonyesha kwamba unaandika. Moyo ukatulia. Unajua jinsi inavyotuliza, kuona kwamba mwenzako huko aliko anaandika, yupo, anakuwaza. Nikainua macho. Na wewe huyo unateremka na pikipiki ya mjomba, trela mbele yako, trela kando yako, mkono mmoja kwenye usukani, kichwa kimeinama.

Kama mtu anayesoma.

Nilitaka nikupigie nikuambie uache. Umeona ujinga wangu? Kidole kilikuwa tayari kinalitafuta jina lako. Trela likapunguza mwendo, wewe ukainua kichwa, ukakwepa, ukapita, ukafika. Simu ikalia mkononi mwangu: "Niko njiani mama usijali." Na wewe mwenyewe umeshasimama mbele yangu unauliza, "Mama, mbona umejikumbatia?" Nikasema baridi. Hapakuwa na baridi.

Ningekugombeza pale, ningeanzia wapi? Kile kichwa kilichoinama nilikiinamisha mimi. Miaka yote hii nautafuta ule mlio, nasema ukilia nitajua mtu wangu yuko hai, na kila ukilia kuna mtu wangu ameinama katikati ya matrela.

Jana nilimpigia shangazi yako. Nikamuuliza, "Wifi, mtoto akiwa barabarani na mikate, simu atakaa nayo nani?"

Akacheka. "Atakaa nayo mwenyewe, Nabwire. Wenye maduka wa Iyolwa wasipoona mkate asubuhi wanapiga kelele kama kuku. Lazima wampigie."

"Waache wapige kelele."

"Wifi, hiyo ni biashara."

"Owori naye alikuwa kwenye biashara."

Yule ni dada yake wa tumbo moja, wamefanana mpaka kucha. Nilisikia anapenga kamasi. Halafu akasema, "Lile sanduku la mikate lina kufuli. Simu itasafiri na mikate. Wenye maduka nitawaambia mimi."

Kwa hiyo imeshaamuliwa, na hatukukuuliza, utatusamehe. Utaisikia inalia huko nyuma kati ya mikate na utadhani kuna jambo kubwa. Vidole vitakuwasha. Mimi ndiye niliyekutia muwasho huo, na sitakudanganya kwamba utaisha kwa sababu mama ameandika barua. Utapungua, nadhani. Naomba upungue. Kuna wateja watakasirika, kisha watakula mkate wao. Na siku moja atatokea mvulana, mzuri kabisa, atakuuliza, "Mbona hukujibu, ulikuwa na nani?" Mwambie mama yako aliwahi kuuliza swali hilo. Mweleze yote. Akikuuliza tena baada ya hapo, muache.

Mimi nimekuwa najifundisha kungoja, kwa siri. Juzi ulipokwenda kuwaaga wenzako nilichukua simu nikaificha ndani ya debe la unga, nikatoka nje kufua. Nilirudi kulichungulia debe mara ngapi, usiniulize. Mama Egesa akanikuta nimelikumbatia. "Mama Akoth, unanyonyesha unga?" Nikamweleza. Hakucheka. Alikaa chini pale kwenye kizingiti, akasema, "Mimi tangu siku ile sijapiga makofi tena. Hata kanisani napiga polepole." Sikuwa najua. Tumekaa meza kwa meza miaka yote hii, kila mmoja na siku ile yake. Tukafua pamoja zile nguo, na wewe ukarudi. Hukuwa umenijibu, hukuwa umeulizwa, na ukarudi. Ulipoingia niliangalia pembeni usinione uso.

Ni kitu kidogo, mwanangu, lakini kwangu kilikuwa kama kusikia tena ile kengele.

Tukutuku nimeifunika turubai isilowe. Asubuhi nitakusindikiza mpaka kwenye kona ya kinu, nisimame pale. Usigeuke kunipungia. Angalia mbele, mimi nitauona mgongo wako na utanitosha. Nikishauona umepotea nitakwenda sokoni, nitauza nyanya. Sitakubipu. Sitatuma ujumbe. Ukinyamaza njia nzima nitajua unaendesha. Chakula chako nitakipika na kukifunika kwa sahani kama zamani, ingawa najua huji kukila.

Utauona Mwamba wa Tororo kabla hujafika. Usidanganyike. Baba yako alikuwa hivyo, akiuona tu kwa mbali anasema, "Haya, tumefika," na bado safari ni ndefu na mimi miguu imekufa ganzi kwenye kile kiti chekundu. Uone, uuache hapo ulipo, endelea.

Ukishafika, zima injini. Teremka. Msalimie shangazi yako, kunywa maji, kula chochote atakachokupa. Kisha fungua sanduku utoe simu, unipigie. Iache ilie. Hata kama salio ni dogo, hata kama huna la kusema, iache ilie.

Usikate, Akoth. Nitapokea.

Mama yako,
Nabwire